Niliuza Kura za Uwani kwa Kizimba cha Bati

Ndugu msomaji, sianzi kwa kukuzungusha. Niliiba. Tena sikuiba kitu cha dukani, ambacho ukikamatwa unarudisha, unapigwa makofi mawili, yanakwisha. Niliiba kura za akina mama wenzangu, nikazibadilisha na mahali pa kukaa sokoni, halafu nikakaa.

Na hapo ndipo nilipo mpaka leo. Hata haya nayaandika nimesimama, daftari juu ya rundo la suruali, maana kiti changu nikikikalia kidogo tu naona kama kina mwiba. Nanyanyuka, napanga mashati. Nakaa. Nanyanyuka tena, nayapanga yale yale.

Mie ni mwanamke wa Temeke, muuza mitumba. Waliowahi kununua kwangu wananijua bila jina: ni yule akikutajia bei ukaguna, anakuuliza umeligunia shati au umeigunia bei, maana kila guno lina jibu lake. Nahesabu kila kitu mara mbili. Chenji yako naihesabu mkononi mwangu, kisha naihesabu tena ikiwa mkononi mwako. Marehemu mama alikuwa akisema nilipozaliwa nilihesabu kwanza vidole vya mkunga, ndipo nikakubali kulia.

Na ni hesabu hiyo hiyo iliyonimaliza. Nitakuonyesha ilipovuja.

Mtaani kwetu kulikuwa na kijarida kikiitwa Uwani. Usikitafute, hakipo tena, na kutokuwepo kwake ni sehemu ya haya ninayoyaungama. Kilikuwa karatasi nne zilizobanwa pini, kinatoka mwezi ukiandama. Utasoma humo maulidi ya mwezi huu yako kwa nani, nani kajifungua, nani yuko kitandani wiki ya tatu na hajaenda mtu kumtazama. Utasoma namna ya kumkosha maiti wa kike, na dawa ya mtoto anayeharisha. Mwandishi wake alikuwa Bi Zuhura, mwalimu wetu wa darsa, mjane, mwenye miwani aliyoifunga kwa kamba ya kiatu ili isidondoke anapoinamia msahafu. Darsa tunasomea uani kwake, kila Ijumaa baada ya alasiri. Jina la kijarida lilitoka hapo.

Lakini kilichofanya kijarida kigombewe ni ukurasa wa nyuma. Uliitwa Uliza Bila Jina. Bi Zuhura alipigilia kisanduku cha mbao kwenye nguzo ya mlango wake wa nyuma. Mwanamke mwenye lake moyoni anaandika, au anaandikiwa na mtoto wa shule wa mtaa mwingine, anakunja, anatumbukiza, anakwenda zake. Mwezi ukiandama anapata jibu, pamoja na aya yake na hadithi yake, na hakuna anayejua aliyeuliza ni nani.

Mie mwenyewe niliwahi kutumbukiza. Mume wangu alikwenda Tunduru kununua korosho, akaona huko kuna korosho na mengineyo, asirudi. Hakunipa talaka, hakunipa habari. Uwani ndiyo iliyonieleza haki yangu, niende kwa kadhi nikaseme nini, na nisikubali kujibiwa nini. Nilikwenda. Leo hii ni mwanamke huru, nalipa kodi ya chumba changu mwenyewe. Sasa mtu akikusaidia hivyo, halafu wewe ukamfanyia niliyoyafanya, unaitwaje? Mie jina sijalipata, na matusi nayajua mengi.

Yuko mtu wa pili lazima umjue. Nitamwita Mama Neema, ingawa silo jina lake. Mpare, Mkristo, mpiga chapa kwenye ofisi moja mjini. Nyumba yake na ya Bi Zuhura zimegawana ukuta. Siku za mwanzo Uwani ilikuwa ikiandikwa kwa mkono, na mwandiko wa Bi Zuhura, Mungu anisamehe, ulikuwa unataka mkalimani. Siku moja tumekaa uani tunabishana neno fulani ni "zaka" au "zawadi", sauti ikatoka ng'ambo ya ukuta: "Jamani, leteni huko niwapigie chapa. Mnaniumiza kichwa."

Kuanzia siku hiyo Mama Neema ndiye aliyekata stensili zote za Uwani, bure, saa zake za chakula. Mara ya kwanza aliuliza jinsi ya kumswalia Mtume kwa maandishi. Mara ya pili hakuuliza. Ikawa Bi Zuhura akisahau kuliandika lile neno, yeye analiongeza mwenyewe. Na mie nikawa rafiki yake, maana kila nikifungua balo jipya la mitumba, blauzi ya kwanza ya ofisini namtunzia yeye. Tunapatana bei kwa magomvi ya nusu saa, kisha tunakunywa chai.

Basi. Stensili tulikuwa tunazungushia kwenye mashine ya shule, ile ya mkono. Akaja mwalimu mkuu mpya, akasema mashine ya shule ni ya mitihani. Uwani ikawa inakata roho.

Ndipo gazeti moja la wiki likatangaza tuzo. Unakumbuka miaka ile ya ruksa, serikali ilipolegeza masharti, kila mwezi unaamka kuna gazeti jipya, na kila gazeti lina shindano lake. Hili likasema: wasomaji wachague kijarida bora cha jamii, na mshindi atapewa mashine ya kudurufu, mpya, na katoni za karatasi. Kura ni kuponi iliyokatwa gazetini. Kivuli cha kuponi hakikubaliwi. Unaandika jina lako, mtaa wako, na jina la kijarida, unapeleka kwenye sanduku ofisini kwao mjini. Mwisho wa mwezi.

Bi Zuhura alilisoma tangazo lile mbele yetu, akalikunja, akasema kwa taratibu kwamba bila mashine ile Uwani haitauona mfungo wa Ramadhani. Hakuongeza neno. Na sie hatukuhitaji kuongezewa.

Hapo ungewaona akina mama wa Temeke! Gazeti bei, na waume wengine wakilinunua wanalikalia. Mwajuma, shoga yetu muuza vitumbua, alikuwa akiikata kuponi alfajiri kabla mumewe hajaamka. Nyuma ya kuponi pana matokeo ya mpira. Mumewe akawa anafungua gazeti anakuta dirisha, anamwona mkewe upande wa pili anakanda unga. Wengine walikwenda kwa vinyozi, wengine kwa wauza kahawa, kuomba magazeti yaliyokwisha kusomwa. Mmoja alifungiwa papa kwenye gazeti, akaikata kuponi hivyo hivyo na harufu yake, akaianika juani.

Wengi hawakuzijaza. Wengine kuandika hawajui, wengine mwandiko wao wanauonea haya. Wakawa wananiletea mie sokoni kuponi tupu, wananitajia jina tu, maana mie niko hapo kutwa na sisahau. Mpango ukawa huu: mie nakusanya, Mama Neema anajaza kwa mwandiko wake mzuri, kisha anazipitisha kwenye sanduku akienda kazini. Ijumaa ya mwisho nikazihesabu mbele ya darsa. Mia mbili. Nikazihesabu tena. Mia mbili. Wakapiga vigelegele, na mie nikavimba kama niliyezichapa mwenyewe.

Sasa nije kwenye uchafu wangu.

Wakati huo sikuwa na kizimba. Nilikuwa nauza chini, nimetandika turubai pembeni mwa soko, jua langu, vumbi langu, na masika ikikaribia, mvua yangu. Mtumba ukilowa mara mbili unanuka, na ukinuka hakuna maneno ya kuuzia. Vizimba vyenye bati vilikuwa vinagawiwa na kamati ya soko, na kwenye kamati alikuwapo bwana mmoja, nitamwita Sudi. Miaka miwili nilikuwa namsalimia kwa heshima, na miaka miwili ananijibu subiri.

Siku ya pili baada ya kuzihesabu kuponi, akaja mwenyewe. Akakaa kwenye ndoo yangu, akashika shati moja bila nia ya kulinunua. Mie mtu anayeshika shati bila nia namjua.

Akaniambia mdogo wake yuko Manzese, ana kijarida cha klabu ya vijana, habari za mpira na dansi. Nao wamo kwenye shindano. Akaniuliza kwa mzaha sie tunazo ngapi. Nami kwa majigambo yangu nikamjibu: mia mbili, na nimezihesabu mara mbili.

Sudi akaguna. "Dada, basi nyie mmeshashinda," akasema. "Sie tuna mia na hamsini tu. Hatutafuti ushindi tena. Tunatafuta kuanguka kwa heshima."

Nikamuuliza heshima hiyo inauzwaje. Lo, ulimi wangu! Hajasema anataka kununua kitu, mie nimeshauliza bei.

Akasema kuponi hamsini kwa kizimba kimoja. Nikacheka, nikamwambia nikitoa hamsini akina mama watanifukuza mtaa, nikalale nyumbani kwake. Tukashindana, tukacheka, tukashindana tena, kama watu wanaopatana bei ya koti. Akashuka mpaka thelathini. Na kizimba? Kizimba cha tatu kutoka lango kuu, bati jipya, kufuli analeta yeye. Kesho.

Nikapiga hesabu yangu kimoyomoyo. Tuna mia mbili. Nikitoa thelathini, tunabaki na mia na sabini. Wao wana mia na hamsini. Bado tuko mbele kwa ishirini! Uwani inapata mashine, Bi Zuhura anapata furaha, Sudi anapata heshima yake, mie napata bati. Hakuna anayeumia. Nikarudia hesabu kutoka mwanzo, ikatoka ile ile. Nikaona nimefanya biashara safi kuliko zote maishani mwangu.

Wewe msomaji labda umeshaona. Mie sikuona. Zile thelathini nilizitoa kwetu, lakini hazikwenda jalalani. Zilikwenda kwao! Kila kuponi moja ilikuwa inatupunguza sie na inawaongeza wao. Mie ninayehesabu kila kitu mara mbili, kitu pekee kilichotaka kuhesabiwa mara mbili, kwetu na kwao, nilikihesabu mara moja.

Sudi alikuwa ameshaihesabu. Ndiyo maana aliguna.

Jioni ile nilimpelekea Mama Neema bahasha ya zile mia na sabini zilizobaki, na orodha ya majina mia na sabini. Alikuwa anasonga ugali, mwiko mkononi. Akaniambia niweke juu ya kabati, atajaza baadaye. Nikasita mlangoni, nikamwuliza kama hahesabu. Akanitazama kama nimesema kitu cha ajabu. "Si umeshahesabu wewe?" akasema.

Kwa ugumu wa roho yangu, niliitikia.

Matokeo yalitoka wiki mbili baadaye. Wakati huo nilishahamia kizimbani. Watu waliniuliza nimekipataje, nikajibu subira. Gazeti likaandika idadi za kura za kila kijarida. Vijana wa Manzese, mia na themanini. Uwani, mia na sabini.

Nililisoma nimesimama, nikalisoma tena. Nikatafuta mahali pa kukaa, nikakiona kile kizimba.

Ijumaa darsa halikusomwa. Bi Zuhura alifungua msahafu, lakini hakuna aliyekuwa na masikio. Mwajuma ndiye aliyeanza, na Mwajuma sauti yake imezoea kushindana na mafuta ya moto. Akasema kuponi mia mbili zilitoka mikononi mwao, kila mtu alizisikia zikihesabiwa. Zimefika mia na sabini. Njiani palikuwa na watu wawili tu.

Wakanigeukia.

Ndugu msomaji, palikuwa na nafasi pale. Ilikuwa ndogo, lakini ilikuwapo. Ningeweza kusema mashetani yalinipanda, wangenipiga kwa maneno mwezi mzima, kisha wangechoka. Badala yake nikasema, "Mie zote nilimpa Mama Neema."

Hayo tu. Sikumwita mwizi. Nilimweka tu pale mbele yao, wakammalizia wenyewe. Mmoja akakumbusha kwamba ndiye aliyezijaza na ndiye aliyezipeleka. Mwingine akasema mtu wa bara haoni uchungu wa mambo ya pwani. Wa tatu akasema alilolisema kuhusu dini yake, ambalo siliandiki, maana Bi Zuhura alimkatiza papo hapo na kumwambia afute kauli. Akaifuta mdomoni. Usoni ilibaki.

Mwajuma akasema basi isomwe Halbadiri. Kama hukijui, hicho ni kisomo cha kumsomea mwizi asiyejulikana, na watu wa pwani tunakiogopa kuliko polisi. Wanasema aliyesomewa huvimba tumbo, au mkono ulioiba hukauka. Mie mkono wangu niliuingiza ndani ya kanga. Hata sikuuagiza, uliingia wenyewe.

Bi Zuhura hakupendezwa. "Halbadiri si mtego wa panya," alisema, "kila unga ukipungua mnautega."

Lakini akina mama walishapamba moto. Na katikati ya ubishi ule, mlango wa uani ukafunguliwa. Mama Neema akaingia na nguo zake za kazini, ameivaa ile blauzi ya rangi ya bahari niliyomtunzia kwenye balo.

"Nimesikia," akasema. "Ukuta ni ule ule."

Waliokaa karibu na mlango wakajisogeza, wakampisha.

Mwajuma akamuuliza, kwa adabu lakini kavu, bahasha aliyopewa ilikuwa na kuponi ngapi. Mama Neema akasema hajui, alijaza tu hadi zikaisha. Minong'ono ikazuka. Akangoja ikatulia.

"Sikuhesabu," akasema. "Nilipewa na rafiki yangu. Niliona kuhesabu ni kumtukana."

Hakunitazama aliposema hivyo. Afadhali angenitazama.

Kisha akavua viatu, akaomba mkeka. Akasema hicho kisomo chao wakisome, tena wakisome leo, na yeye atakaa mbele kabisa, ili kama ni wa kukauka mkono akauke wakimwona.

Na hapa ndipo penye dhambi yangu kubwa, kubwa kuliko zile kuponi. Maana kama kile kisomo kingesomwa, angalau Mama Neema angenyanyuka mzima mbele ya macho yao, na maneno yangekwisha. Yeye alikuwa anautaka usafi wake. Mie nilikuwa nautaka mkono wangu. Nikasimama, nikatoa sauti ya upole ambayo hata sijui niliitoa wapi, nikasema, "Jamani, kumsomea jirani si ungwana. Tumwachie Mungu."

Wakanisifu! Walisema nina busara, nina subira, nina moyo wa imani. Mwajuma alilia, akanikumbatia. Hakuna aliyegundua kwamba kumwachia Mungu maana yake ni kumwacha Mama Neema na wizi wangu mgongoni maisha yote. Yeye aligundua. Alivaa viatu vyake taratibu, kimoja kimoja, akaondoka. Bi Zuhura alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio muda mrefu, kama iliyokuwa na uchafu.

Yaliyofuata hayakuwa na kelele. Mama Neema hakupiga chapa tena, na hakuna aliyemwomba. Bi Zuhura aliandika Uwani kwa mkono miezi miwili, kwa karatasi za kaboni, nakala tano tano, mpaka vidole vikamshinda. Idi iliyofuata, kwa mara ya kwanza tangu tumjue, hakuna sahani ya pilau iliyopita juu ya ule ukuta. Mie nilipika. Sahani yake niliipakua, nikaifunika, ikashinda juu ya meza mpaka ikapoa, nikaila mwenyewe.

Mwaka haukwisha, Mama Neema na mumewe wakahamia Chanika, mbali nje ya mji, kwenye nyumba waliyokuwa wanaijenga kidogo kidogo. Haijapigwa hata lipu. Walihamia hivyo hivyo.

Na kile kisanduku bado kimepigiliwa pale nguzoni, mijusi wanaingia na kutoka. Siku moja akaja kizimbani kwangu mwanamke kijana, mtoto mgongoni, akawa anafunua funua magauni. Akaniuliza kwa chini chini, eti mtu akiachwa naye ana mimba, mume anaruhusiwa kumtoa nyumbani? Zamani ningemwambia katumbukize Uwani. Nikamwambia aende kwa Bi Zuhura akamuulize.

"Ana kwa ana?" akasema. "Mume wangu ni mpwawe."

Akachukua gauni moja la bei rahisi ili asionekane alikuja bure, akaenda zake. Hata bei hakuipinga. Sijui alijibiwa na nani. Sijui kama alijibiwa.

Kizimba? Kizimba ni kizuri, siwezi kukisingizia. Hakivuji. Ila sikai. Wenzangu wananiita Mama Doria, maana kutwa natembea kutoka lango hadi lango kama ninayelinda soko. Sudi akipita huniambia, "Hujambo, mwenye heshima?" na kucheka. Nahama kiti upande huu, nahama upande ule. Nimekibadilisha kiti chenyewe mara tatu. Bado.

Kilichonivunja ni mvua ya mwaka huu. Ilishuka ghafla, Mwajuma akakimbilia kwangu na beseni lake la vitumbua kichwani. Tukakaa chini ya bati, linapigwa mvua hata hatusikilizani. Akanitazama kwa mapenzi, akaniinamia sikioni akapaza sauti: "Unaona? Mungu amekulipa kwa ile subira yako!" Akanipa kitumbua. Bure. Nilikishika mpaka kikalainika mkononi.

Jumapili nikaenda Chanika.

Nilimkuta Mama Neema ametoka kanisani, ameshavaa kanga, analima mihogo nyuma ya nyumba. Hakushangaa. Akaniuliza nimekuja kuuza au kununua. Nikamwambia nimekuja kusema. Nikasema yote, tangu ile ndoo aliyoikalia Sudi. Yeye analima, mie namfuata tuta kwa tuta, nasema.

Nilipomaliza akaegemea jembe. "Nilijua," akasema. "Kizimba ulikipata kabla ya matokeo. Mimi si mhesabu, lakini kalenda naijua."

Nikamuuliza mbona hakusema. Akajibu angesema kwa nani, aongezewe na uchonganishi juu ya wizi?

Nikaanza kumwomba radhi. Na tabia yangu, jamani, haikuniacha hata pale. Nikamwambia ninaweza kumtafutia mashine ya chapa, iliyotumika kidogo. Ninaweza kumletea balo zima la nguo za watoto. Ninaweza...

"Umeanza," akasema. "Mimi siuzi."

Akaniambia radhi ya shambani, wanaosikia ni mihogo, haimsaidii. Pale pale alipotajwa, ndipo atajwe tena. Nikamwambia nikisema mbele ya wale, nitaishi wapi mie?

"Chanika viwanja vipo," akasema, akaendelea kulima.

Nimekwenda darsa Ijumaa tatu tangu siku hiyo. Kila mara nakwenda na maneno mdomoni, narudi nayo. Nakaa karibu na mlango. Bi Zuhura akiuliza nani ana la kusema, namwona Mwajuma ananitabasamia, ulimi unagoma.

Ndipo nikakumbuka kitu. Tangu Uwani ife, Bi Zuhura baada ya darsa huwasomea wasiojua kusoma habari moja mbili za gazetini, na ukurasa wanaoupenda kuliko zote ni huu wa maungamo. Anausoma tangu neno la kwanza mpaka la mwisho, haruki kitu. Wao huguna, hucheka, humlaani mwenye kuungama. Mie mwenyewe nimeshawalaani wengi, nimekaa pale pale mlangoni.

Basi nimeandika. Majina si yao, lakini ukuta ni ule ule, watautambua. Hii nayo ni namna ya kupatana bei, najua, kusema kwa mdomo wa mtu mwingine. Ila ni punguzo la mwisho nililoomba, na Mama Neema nimempelekea habari aje Ijumaa gazeti litakapotoka. Kasema atakuja kama barabara haitakuwa tope.

Wewe uliyepewa kitu cha watu ukishike, iwe kura, iwe siri, iwe ufunguo wa ghala la msikiti, nakuonya. Usikitajie bei hata kwa mzaha. Mnunuzi atakayekucheka huku anapiga hesabu yupo, tena hukalia ndoo yako mwenyewe. Na kama umeshauza, na mwenzako anasutwa mbele yako, usisimame kusema tumwachie Mungu. Sema wewe. Mungu alishajua tangu juzi, wasiojua ni wale waliokaa mkekani.

Bi Zuhura, najua unasoma, na najua sauti yako imeshapungua hapa. Pumzika kidogo. Vua miwani, unyanyue macho. Leo sikukaa mlangoni. Mkono unaouona umenyooshwa, ule niliouficha ndani ya kanga, ni wangu.